Je, Nimshukuru Ami Wagih kwa Uongo?

Abla Inshirah mpendwa,

Nisaidie, nimekwama, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu tabia yako naijua, mama yangu hukusoma gazetini kila Jumapili jikoni kwa sauti na nimekusikia ukiwakaripia wanawake wakubwa kuliko mimi, lakini sina mwingine wa kumwuliza, maana kila ninayemjua ameshakula keki ya basbusa ya kufaulu kwangu.

Niite Yomna. Nina miaka ishirini na tatu, natoka Kafr el-Zayyat, na mwezi uliopita nimemaliza mwaka wa mwisho wa uhandisi wa elektroniki uliounganishwa na fizikia, masomo ambayo hata shangazi zangu wameshindwa kuwaeleza majirani, wao husema tu bashmuhandisi, yaani mheshimiwa mhandisi, na wameniita bashmuhandisi tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, nilipokuwa sijui hata upande upi wa betri ni wa kujumlisha. Darasani tulikuwa kumi na saba. Wahandisi wenyewe walituita washairi, wanafizikia wenyewe walituita mafundi redio, na kwenye mgahawa wa chuo hatukuwa na meza, tulikaa pembeni karibu na mapipa tukila sandwichi zetu za maharage ya ful kama watu wasio na kwao.

Aliyetupatia kwetu ni Ami Wagih. Huyu ni fundi wa maabara ya elektroniki, ana diploma ya ufundi na koti la buluu lenye mfuko uliotoboka kwa bisibisi, na amekaa kwenye maabara ile miaka thelathini na nne. Siku ya kwanza niliposhika chuma cha kulehemu nikakishika kwa upande wa moto, nikapiga ukelele, darasa zima likageuka, na yeye akaja taratibu na bilauri ya maji baridi akanitumbukiza kidole humo akasema, "Hongera, bashmuhandisi. Sasa kidole kimesajiliwa. Bado tisa." Nikacheka huku machozi yananitoka. Mwaka wa pili nilipofeli mtihani wa saketi nilikuwa nimeshajaza fomu ya kuhamia kitivo cha sanaa, nikaenda maabara kumuaga tu, akaniambia, "Sawa, nenda, lakini nisaidie kwanza kumaliza kazi hii moja," akanikalisha mbele ya sanduku la takataka za vifaa vilivyokufa, na kwa siku nne, baada ya vipindi, tukaunganisha redio ndogo, mimi nikilehemu na yeye akinywa chai na kunung'unika, na siku ya nne ile redio ikasoma Qurani kutoka Cairo kwa sauti ya mafua, mimi nikalia, yeye akachukua fomu yangu akafutia meza. Abla, mimi nisingekuwa chochote bila mtu huyu. Kila nikimwombea marehemu baba yangu humwombea na yeye umri mrefu papo hapo, sitenganishi.

Sasa sikiliza. Mradi wetu wa kumaliza tuliufanya wawili, mimi na mwenzangu Abanoub. Tulitaka kutengeneza kibao chembamba, ukubwa wa trei ya chai, kilichojaa transista ndogondogo, ambacho wimbi dhaifu la redio likipita ndani yake litokee upande wa pili likiwa na nguvu zaidi. Saketi zote mia moja na ishirini alizilehemu Ami Wagih pamoja na sisi, miwani imemteremkia puani, na wiki mbili za mwisho hakwenda hata harusi ya mpwa wake. Kibao kikawa tayari, tukapima, nikakokotoa, maana nguvu nyingine ya wimbi hupotea kwenye nyaya na hewani na kifaa hakikupi jibu mpaka ukokotoe, na hesabu ikasema kinakuza. Kinakuza, Abla! Kamati ya watahini ikatupa daraja la Bora Sana. Wajumbe waliohitimu uhandisi walitazama kurasa za vipimo wakasema vizuri, waliohitimu fizikia wakatazama kurasa za kanuni wakasema vizuri, msimamizi wetu Daktari Suhair akanikumbatia mbele za watu na kusema nafasi ya kubaki chuoni kama mwalimu msaidizi ni yangu, mama yangu akapiga vigelegele kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini, sharubati ikagawiwa mpaka kwa wale wa kitivo cha kilimo ambao hawatujui.

Nisikufiche kitu. Siku tulipopata jibu lile, kabla ya kamati, Ami Wagih alitazama mita yake iliyokuwa kwenye waya wa umeme unaolisha kibao, akajikuna kidevu, akaniambia, "Bashmuhandisi, sindano yangu iko pale pale karibu na sifuri. Mzee huyu, kibao chenu, anabeba magunia yote hayo na hajala kitu. Anakula wapi?" Na mimi, nilikuwa na furaha, wenzangu walikuwa wamenizunguka, nikamwambia, "Ami Wagih, hii si redio ya nyumbani, hii ni fizikia ya mawimbi." Watu wakacheka, yeye pia akacheka, akaenda kuosha bilauri zake. Yaliishia hapo.

Wiki iliyopita nilikuwa natayarisha bango la maonyesho ya wanafunzi kule Cairo, nikataka kuweka picha ya kulinganisha, kibao chetu na kitu cha kawaida kinachojulikana kumeza mawimbi, nikachukua sponji ya kuoshea vyombo, nikailowesha maji, nikaipima, nikaitia kwenye hesabu zile zile. Ikatoka sponji inakuza mawimbi. Nikarudia. Inakuza. Nikasema basi mama yangu ana kituo cha redio kwenye sinki. Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, nikakaa chini kwenye sakafu ya maabara.

Kosa ni dogo, na ni la watu wa aina yetu tu. Wahandisi na wanafizikia wote huandika wimbi kwa hesabu moja, ila wahandisi hulizungusha kuelekea upande mmoja na wanafizikia upande wa pili, na hakuna aliyekosea, ni mazoea tu, kama nchi moja kuendesha kulia na nyingine kushoto. Kifaa chetu cha kupimia ni cha wahandisi. Kanuni niliinakili kutoka kitabu cha fizikia. Nikaviunganisha bila kugeuza alama, na ukifanya hivyo kinachopotea huonekana kimeongezeka. Mhandisi mtupu asingekosea hivyo, mwanafizikia mtupu asingekosea hivyo, ilihitaji mtu aliyesoma yote mawili kwa miaka mitano. Kibao chetu hakikuzi kitu. Kinameza. Zile transista hazikuwahi kuamka hata moja.

Nikamwambia Abanoub. Akashika kichwa akasema, "Yomna, una wazimu? Basbusa wameshakula, imeshashuka tumboni, unataka waitapike? Maonyesho ni siku mbili, baada ya hapo hilo bango litafungiwa samaki." Nikamwambia dhamiri inanisuta. Akasema, "Ya kwako au ya Ami Wagih? Maana ukifungua mdomo anayeumia ni yeye."

Na hapo ndipo kamba iliponikaba, Abla. Ami Wagih anastaafu. Alhamisi ya wiki ijayo idara inamfanyia sherehe, na kwa sababu ya mradi wetu Daktari Suhair ameamua, kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo thelathini na nne, jina lake liandikwe kwenye bango pamoja na majina yetu, Wagih Abdel-Malak, fundi, na bango hilo litatundikwa ukutani siku ya sherehe kabla halijaenda Cairo. Miradi mingapi imepita mikononi mwake, maprofesa wangapi wamepanda vyeo kwa saketi zake, na jina lake halijawahi kuandikwa mahali isipokuwa kwenye daftari la funguo! Mkewe ameshashona suti. Nilipomwambia jina lake litakuwepo alisema, "Haya, lakini niandikeni kwa kalamu ya risasi kwanza." Nikadhani ni unyenyekevu wake, nikambusu kichwa.

Mimi nafasi yangu ya ualimu ikienda na iende, nimeshalia kwa ajili yake na yamekwisha. Lakini nitamfanyiaje hivi mtu aliyenipa kila kitu? Siku yake moja ya heshima niivunje mimi, mwanafunzi wake, kwa mdomo wangu? Nimefikiri ninyamaze mpaka sherehe na maonyesho yapite, niyabebe mwenyewe, iwe ndiyo zawadi yangu kwake. Niambie kwamba hilo si dhambi kubwa. Au niambie ni dhambi, lakini niambie upesi, Alhamisi inakuja.

Anayekushukuru hata kabla hujamjibu,
Yomna wa Kafr el-Zayyat

ABLA INSHIRAH ANAJIBU

Yomna binti yangu,

Barua yako nimeirusha foleni, wenye ugomvi na mawifi wanisamehe wiki hii.

Miaka kumi na tisa nimeandika ukurasa huu, na barua za wasio na shukrani zimenijaa kabatini. Yako ni ya kwanza ya mtu mwenye shukrani nyingi mpaka anataka kudanganya kwa ajili ya shukrani hizo. Nimeisoma mara mbili na nimekupenda, basi vumilia nitakayokuambia.

Nianze na pongezi, kwa sababu naona hakuna aliyekupa zile unazostahili. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia, kuhusu mawimbi najua tu kwamba redio yangu hukoroma lori likipita. Lakini nimeelewa kwamba kamati nzima, watu wazima wenye shahada za kutundika, walitazama kila mtu upande wake na hakuna aliyetazama pale pande mbili zilipoungana. Aliyetazama ni wewe, na sponji mkononi. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea miaka mitano pembeni ya mapipa. Wakikuita mshairi tena, uwacheke tu.

Sasa tuje kwenye kosa lako, na si hilo la alama. Alama hugeuzwa kwa dakika moja. Kosa lako umeliandika katikati ya barua, ukalifunika na "yaliishia hapo", ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mtu aliyekufundisha kushika chuma alikuuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika mradi huo. Anakula wapi? Maneno mawili, binti yangu, na mradi wako wote ulikuwa humo ndani. Wewe ukamjibu kwa kumkumbusha kwamba hana shahada, mbele ya watoto aliowafundisha, na wakacheka. Wewe uliyekula sandwichi pembeni kwa miaka mitano kwa sababu watu walikudharau! Hapo nilifunga barua nikaenda kujitengenezea kahawa.

Unaogopa kumwaibisha Alhamisi. Ulishamwaibisha siku ile, naye akakusamehe papo hapo akaenda kuosha bilauri. Ndivyo walivyo watu wa aina yake, na ndiyo maana sisi wengine huwazoea vibaya.

Na hiyo kalamu ya risasi! Unyenyekevu? Yomna, mtu aliyelehemu saketi mia moja na ishirini na kuacha harusi ya mpwa wake haionei haya kazi yake. Amekuambia, kwa adabu yote aliyonayo, kwamba haamini jibu lenu. Anajua. Pengine hajui alama wala upande upi wimbi linazunguka, lakini anajua kwamba sindano haikunyanyuka. Anakungoja wewe ujue, kwa sababu ni mradi wako, na kwa sababu hataki kumpokonya mtoto wake basbusa mdomoni. Kwa hiyo huo mzigo unaosema utaubeba peke yako kama zawadi, Ami Wagih anaubeba tangu kabla ya kamati, na sherehe imeshamkaa kooni. Suti mpya haitamsaidia.

Halafu umefikiria Cairo? Watakuja watu wa kila chuo, wenye macho. Mmoja atasimama mbele ya bango, ataangalia namba za umeme unaoingia, atauliza swali lile lile. Na wakati huo jina la Wagih Abdel-Malak, lililongoja miaka thelathini na nne, litakuwa limeandikwa chini ya jibu ambalo yeye peke yake alilikataa. Ungemtafutia tusi kubwa kuliko hilo, ungelipata wapi?

Abanoub mwambie namsalimu. Si mtu mbaya, ni mwoga aliyejifunza kuchekesha. Atakuja nyuma yako ukishatangulia.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya Daktari Suhair, kabla ya mama, nenda maabara. Usipeleke keki wala maua, usianze na utangulizi wa jinsi unavyompenda, anajua. Mwambie, "Ami Wagih, ulikuwa sahihi, mimi nilikosea, na nilikudharau mbele za watu." Kwa mpangilio huo huo. Halafu nyamaza, umwache ajibu anavyotaka, hata akitaka kukuchokoza, umestahili. Ukimaliza kulia, mwombe akae na mita yake na wewe ukae na hesabu zako, mpime upya, sponji kwanza na kibao baadaye, mpaka nyote wawili mridhike.

Kisha muende kwa Daktari Suhair, na namba mpya mkononi. Mwambie yote bila kujipiga kifua na bila kumtupia Abanoub. Atakasirika, ana haki, jina lake pia limo. Bora Sana yaweza kushuka ikawa Nzuri tu, na nafasi ya ualimu yaweza kwenda kwa mwingine. Umesema umeshalia kwa ajili yake, vizuri, usilie mara ya pili. Ila nikuambie jambo moja kama mtu aliyefundisha miaka mingi: mwalimu niliyemwamini ni yule aliyewahi kurudi darasani kusema jana nilikosea. Kama chuo chako kina watu wenye akili, watalifikiria hilo. Kama hakina, utakuwa mhandisi mahali pengine, na mama yako atapiga vigelegele huko.

Bango liandikeni upya. Semeni kibao kinameza, semeni kosa liliingiaje pale fizikia ilipokutana na uhandisi, na semeni lilipatikanaje. Watakaofika Cairo watajifunza zaidi hapo kuliko kwenye vibao kumi vinavyofanya kazi, maana kesho mwingine kama wewe atachukua kifaa cha hawa na kitabu cha wale. Na jina la Ami Wagih libaki, lakini lisiwe la fadhila. Andikeni alichofanya: ndiye wa kwanza kuonyesha kwamba matokeo hayawezekani, kwa kupima umeme unaoingia. Hiyo ni kweli, na hakuna mtu Cairo wala penginepo anayeweza kumpokonya.

Alhamisi watampa ngao ya heshima, mkuu wa idara atasoma hotuba ndefu kuhusu moyo wake mkubwa na chai yake tamu, na kila mtu atapiga makofi. Omba dakika mbili baada ya hapo. Usirudie habari za ukarimu wake, katika miaka thelathini na nne ameshaambiwa vya kutosha kwamba ni mkarimu. Simama mbele ya wale wale waliocheka, uwaambie kwamba alikuwa sahihi.